Ndama Aliyemzidi Mama Yake Umri

Chama cha wafugaji cha Nakuru kilipoleta kompyuta mwaka wa 1973, watu wawili walifundishwa kuiandikia programu: Chepkosgei, binti wa wakulima wa Molo, na Bhanu, ambaye baba yake aliuza vitambaa mjini. Chepkosgei alishika uzazi wa ng'ombe, Bhanu maziwa. Programu zilitobolewa kwenye kadi, kadi zikafungwa mabunda.

Kila programu ilikwenda vizuri peke yake. Kisha meneja akataka ziunganishwe, ng'ombe na maziwa yake watoke kwenye karatasi moja. Mashine ikanguruma, ikameza kadi, ikatema majibu. Chepkosgei akasoma, akaurudia mstari mmoja kwa kidole. Ndama mmoja wa Subukia alikuwa mkubwa kwa umri kuliko mama yake!

"Mashine imelewa," Bhanu akasema.

"Haijui kulewa, Bwana Bhanu. Inatii tu. Sasa leo imemtii nani?"

Wakaketi sakafuni kati ya kadi, wakazipitia. Bhanu akainua bunda moja, uso umemshuka.

"Hili la kuhesabu tarehe, unaloliita SIKU, nililinakili kutoka kwako. Nikalibadilisha lihesabu tarehe ya mwezi tu. Mambo ya mwaka sikuyahitaji."

"Na jina?"

"Nililiacha vile vile."

Chepkosgei akashika kichwa. SIKU mbili zimeingia nyumba moja! Mashine ilikuwa imechukua ya kwanza kukutana nayo, ya Bhanu, ikaipuuza ya Chepkosgei. Bila mwaka, ndama aliyezaliwa tarehe ishirini alionekana kumtangulia mama aliyezaliwa tarehe ishirini na nane. Mashine haikuuliza, haikusita. Jina tu liliitosha kuwavuruga mifugo wa bonde zima.

"Kwetu," akasema taratibu, "kina Chepkosgei wawili wakiwa boma moja, mmoja huongezewa jina la baba."

Basi wakatoboa upya. Bunda la Bhanu likaitwa MZSIKU, MZ ya maziwa. Lile la asili likawekwa kwenye droo moja, mali ya wote wawili, na asiliguse mtu bila kumwambia mwenzake.

Walipoiwasha tena, karatasi ilianza kutoka, ikashuka mezani, ikajikunja sakafuni: Molo, Njoro, Elmenteita, kila ng'ombe na ndama wake, kila ndama chini ya mama yake. Bhanu alivua miwani. Chepkosgei aliweka kiganja kwenye ubavu wa mashine wenye joto, akauhisi ukitetemeka.