Dualta Mwenye Nywele Nyekundu

Kwa ukoo wa kina Mac Donncha, kule pwani ya Connemara, jina Dualta halikuwa jambo la kujadiliwa. Kifungua mimba wa kiume alirithi jina la baba wa baba yake, basi. Maana yake ni mwenye nywele nyeusi, na kwa kuwa wote walizaliwa na nywele nyeusi tititi, hakuna aliyewahi kuuliza swali. Kisha, mwezi Machi mwaka 1952, Neansa akajifungua mtoto wa kiume mwenye nywele za rangi ya karoti.

Mumewe, Coilm, alikuwa Uingereza akichimba mitaro tangu Oktoba. Baba mkwe, Mzee Dualta, alimtazama mjukuu mara moja tu, akavuta kofia yake chini na kwenda kukagua ng'ombe ambao hawakuwa na tatizo lolote. Siku ya nne, siku ya ubatizo, aliyatoa yaliyokuwa moyoni.

"Huyu ataitwa Ruán," alimwambia binti yake Sabina, aliyekuwa mama wa ubatizo. "Ni jina la wenye nywele nyekundu. Padri akikuuliza, useme hilo."

"Baba, Ruán ni nani kwetu?" Neansa aliuliza kutoka kitandani.

"Si mtu wa kwetu. Ndiyo maana."

"Sema unachotaka kusema."

"Mimi sijasema kitu. Nywele ndizo zinazosema. Nimwite huyo Dualta, nichekwe hadi na wauza samaki?"

Neansa alijua kilichokuwa kinatendeka. Kifungua mimba asiyepewa jina la babu yake ni mtoto aliyekataliwa mbele ya watu. Shuleni wangemwambia, na siku ya kugawa shamba wangemkumbusha. Na Coilm angelisoma jina hilo kwenye barua, huko ugenini, akiwa katikati ya wanaume wenzake. Neansa angeweza kumkumbusha mzee kwamba Coilm akikaa siku tatu bila kunyoa, ndevu humtoka nyekundu, jambo ambalo nyumba nzima ililijua. Hakutaka. Kwa nini ajitetee kama mwizi wakati hajaiba?

Sabina alimfunga mtoto kwenye shali bila kumwangalia wifi yake usoni. "Nisamehe," alinong'ona. "Nikimpinga atanifukuza." Wakapanda gari la punda wakaondoka.

Neansa alibaki, kwa sababu desturi ilimtaka abaki. Mwanamke aliyejifungua haendi kwenye ubatizo wa mwanawe, wala havuki mlango wa mtu, mpaka padri amsomee sala ya kumtakasa. Desturi hiyo, ukiniuliza mimi, ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kuzaa. Neansa aliketi akitazama kitanda cha mtoto kilichokuwa kitupu, na hasira ikampanda. Akavaa viatu.

Ni maili mbili hadi kanisani, na mvua ilikuwa inanyesha. Mwili ulimuuma kila hatua. Darajani, jirani yake Peige alimwona kutoka mlangoni mwa nyumba yake, akapiga ishara ya msalaba.

"Neansa! Hujatakaswa wewe! Unatuletea mkosi!"

"Funga mlango basi! Na dirisha pia!"

Peige akafunga vyote viwili.

Kisima cha ubatizo kilikuwa karibu na mlango wa kanisa. Neansa aliingia wakati padri anamuuliza Sabina, "Mnampa mtoto jina gani?" Sabina alikuwa amefungua kinywa lakini sauti haijatoka.

"Dualta," alisema Neansa.

Padri aligeuka. "Binti, hupaswi kuwa humu."

"Najua, padri. Niko humu."

"Anaitwa Ruán!" Mzee alifoka. "Wewe mwanamke, huna haya? Tazama kichwa cha mtoto! Dualta gani huyo? Jina linataka nywele nyeusi!"

Neansa alimtazama mkwewe kwa utulivu. Kwa kuwa walikuwa kanisani, mzee alikuwa ameivua kofia yake, ile aliyokula nayo na karibu alale nayo. Kichwa chake chote kilikuwa cheupe kama sufi.

"Na wewe, baba? Zako zimekuwa nyeupe miaka ishirini sasa. Nani amekunyang'anya jina?"

Mzee alijishika kichwa kwa mkono mmoja, kisha akaushusha. Padri alikohoa, nadhani ili asicheke.

"Mama wa ubatizo," akasema, "ninakuuliza wewe. Jina?"

Sabina alimwangalia baba yake, akamwangalia wifi yake aliyelowa chapachapa huku damu imemwishia usoni.

"Dualta," alisema, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Maji yakamwagwa, mtoto akalia kwa nguvu.

"Wewe uje Jumapili nikutakase," padri alimwambia Neansa.

"Nikipata nafasi, padri," alijibu, akamchukua mwanawe.

Nje mvua ilikuwa imezidi. Mzee alikuwa amekwisha kupanda gari, kofia kichwani, hatamu mkononi, macho kwa punda. Sabina akapanda nyuma. Neansa alisimama chini, mtoto kifuani ndani ya koti.

"Panda," alisema mzee. "Nipe huyo, analowa."

"Ana jina."

"Nimesema nipe mtoto."

"Nami nimesema ana jina."

Walikuwepo watu wakipita, na wote walipunguza mwendo. Neansa hakushika hata ubavu wa gari. Alikuwa tayari kurudi kwa miguu maili zote mbili, na mzee aliliona hilo usoni mwake. Akaziachia hatamu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Haya," alisema. "Nipe Dualta."