Barua Niliyomwandikisha Mitchell

Binti yangu Lynn alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, na mama mwenye nyumba akamchukulia simu. Humrudishia mara moja kwa mwezi, dakika kumi tu. Lakini pale kuna mtoto wa miaka sita, na huyo mtoto ana tableti yenye mchezo ambao watu wa dunia nzima huingia wakajenga manyumba. Akichoka kucheza peke yake, humpa Lynn ashike.

Hivyo ndivyo mjukuu wangu Mitchell alivyokuwa akikutana na mama yake. Ndani ya mchezo Lynn alikuwa sungura wa gauni la njano, Mitchell msichana wa viatu vyekundu. Kuandikiana kulikuwa kumezuiwa kwa tableti ya mtoto, kwa hivyo walikubaliana ishara kwa ile simu ya mwezi: sungura akiruka mara tatu, yuko salama, akikaa chini, mambo ni mabaya. Jumapili moja baada ya kanisa, nyumbani kwangu mtaa wa Landless, nilionyeshwa. Sungura aliruka mara tatu, nikalia hadi miwani ikajaa ukungu.

Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyejua Lynn atapewa tableti saa ngapi. Mitchell anatengeneza simu Ruiru, kwa kibanda cha Kahiga, na hawezi kukodolea mchezo macho tangu asubuhi. Akaandika programu ndogo ya kumpigia kengele pindi mama yake anapoingia. Hakuiandika yote. Alichukua kitu wanachokiita maktaba, yaani kazi ambayo watu wengine wameshaiandika wakaiweka mtandaoni, na anayetaka anachukua. Haikuwa ya wenye mchezo. Kahiga ndiye alimwonyesha. Yeye mwenyewe aliitumia kujua marafiki zake wakiingia.

Ilifanya kazi miezi minne, halafu Mitchell na Kahiga wakafungiwa siku moja. Ujumbe ulisema akaunti imesimamishwa kwa sababu ya programu zisizoruhusiwa, na mwenye la kusema aandike kabla siku saba hazijaisha.

Nilienda Ruiru na chupa ya chai na nduma za kuchemsha, nikawakuta wakibishana.

"Maktaba si kosa," Kahiga alisema, bisibisi mkononi. "Nimesoma masharti yote. Hakuna mahali imetajwa."

"Wamesema usiingie kwa njia ambayo hawajakupa," Mitchell akajibu. "Hii walitupa lini?"

"Mlango ni uleule, na password ni yako. Umeibia nani?"

"Programu inauliza kila dakika kama mama ameingia, Kahiga. Wewe ungekubali mtu akubishie mlango kila dakika, kutwa nzima?"

"Basi kosa ni kubisha. Andika hujui chochote, wathibitishe wenyewe."

"Tusianze na uongo," nikasema.

"Shosho," Kahiga akasema, akiniita bibi kama mjukuu wangu, "hawa si watu wa kanisa lako."

"Ni watu."

"Umewaona wapi?"

Kwa kikundi chetu cha kina mama, ambacho nimekuwa kwa kamati yake miaka kumi na tisa, aliyekosa husimama mbele, akasema yote bila kuficha, akaleta kreti moja ya soda. Tunakunywa pamoja, naye anarudi kwa kiti chake. Anayekana ndiye hufukuzwa. Sikuwa nimeona ikienda vingine.

Nilimketisha Mitchell kwa stuli, nikawa nasema, naye anageuza kwa Kiingereza. Tulitaja jina la maktaba, siku aliyoanza, na programu iliuliza mara ngapi kwa saa. Nikamfanya aweke hata ile wiki ya Aprili alipoifanya iulize mara mbili zaidi, jambo ambalo hawakuwa wameuliza. Tukaeleza habari ya mama yake. Mwisho tukaomba msamaha, tukauliza adhabu ni gani.

Kahiga aliandika mstari mmoja, kwamba hajui wanazungumzia nini.

Alifunguliwa siku ya tatu. Mitchell alijibiwa siku ya nne. Walimshukuru kwa kusema ukweli. Kisha wakasema kwa kuwa amekubali mwenyewe, akaunti imefungwa kabisa na uamuzi huo haubadilishwi. Habari ya mama hawakuigusa.

Alifungua akaunti nyingine, lakini siku hizi tableti ile haikubali rafiki mpya bila namba ya siri ya mama mwenye nyumba. Kahiga naye hakuwahi kuwa rafiki wa sungura, kwa hivyo hakuweza kumwona akiingia.

Mitchell hakunilaumu. Aliendelea kuniletea mkate kila Jumamosi na kuuliza mguu wangu unaendeleaje, na baada ya hapo akainamia simu yake mpaka saa ya kurudi Ruiru.

Mwisho wa mwezi Lynn alipiga. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa tusikie sote.

"Mitchell, nimeingia siku nane sikupati. Nimekungoja hadi mtoto akanicheka. Nilikukosea?"

"Hapana, mum."

"Kuna siku nilikuhitaji sana."

Mitchell aliangalia dakika zikipita kwenye kioo, kisha akaisukuma simu upande wangu.

"Mwambie wewe, Shosho. Si wewe ndiye unapenda ukweli."

Zilikuwa zimebaki dakika sita. Nilianza na salamu.