Ngozi Yenye Masikio

Pale Rhamu, upande ambao mashamba ya vitunguu yanaishia kabla ya kuufikia mto Daua, hapakuwa na mgeni aliyeingia kwa Ramlo akatoka bila kuuona mkono wa Weris. Chai ikishamiminwa, habari za mvua na mifugo zikishaulizwa, Ramlo alimwita mjukuu wake, akamkunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko. Mgeni alivuta pumzi, akasema miskin, akasoma aya aliyoijua, kisha akatema mate kidogo ya baraka, tuf, tuf, juu ya ngozi iliyopasuka. Wengi walirudia mara tatu. Aliyempenda mtoto sana alirudia mara saba.

Weris alikuwa na miaka kumi na mmoja, na huu ulikuwa mwaka wa nne wa ugonjwa. Nyumbani waliuita ambaar, shuleni waliuita ukurutu. Ulikaa kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, na ulipochachamaa mtoto alijikuna mpaka damu ikakaukia kwenye kucha. Walimpaka samli. Walimpaka unga wa majani ya qasil, ule wanawake wanaosafishia nyuso. Walimwogesha maji yaliyosomewa Kurani. Walinunua mirija ya krimu ya dukani yenye picha za wasichana weupe. Kila kitu kilileta nafuu siku tatu, na siku ya nne kuwashwa kukarudi kama mtu aliyesahau fimbo yake.

Mama yake alifariki akimzaa. Baba yake, Abdiwali, alikuwa akinunua mbuzi Kutulo na Tarbaj na kuwapeleka mnadani Garissa, na hakuwa mtu wa kusubiri. Asubuhi moja, lori likinguruma nje, aliinama kumbusu Ramlo, mama yake, mkono, akasema alichokuwa nacho moyoni.

"Hooyo, imetosha. Narudi Alhamisi ya wiki ijayo. Ngozi ikiwa bado iko hivi, nakuja na adeer, mzee Salat."

Salat alijulikana na kila mtu kutoka Rhamu hadi mpakani. Alikuwa na chuma chembamba, urefu wa shubiri, alichokitia motoni mpaka kikawa chekundu, kisha akakigusisha kwenye mwili wa mgonjwa ili ugonjwa ushtuke na kutoka. Ramlo mwenyewe alikuwa na alama tatu za mviringo tumboni, za homa ya manjano ya utotoni. Alipona, na hakuwahi kuidharau dawa ile. Lakini alikumbuka harufu. Na alikumbuka mikono ya mama yake ikimshika miguu asirushe mateke. Safari hii, wa kushika miguu angekuwa yeye.

Siku hiyo hiyo alimchukua Weris wakaenda zahanati. Muuguzi alikuwa Wahu, binti wa Murang'a, mwaka wa pili sasa akila jua la Mandera na kulalamika kwa kucheka. Aliuangalia mkono, akaangalia shingo, akanawa.

"Anajikuna saa ngapi, shosho?"

"Saa zote, sista."

"Hakuna saa zote. Hata kulala, hulali saa zote. Anaanza wakati gani? Baada ya nini? Nani akiwa karibu?"

"Ungeniuliza mbuzi," Ramlo alisema, "ningekwambia kila mmoja anakojoa saa ngapi."

"Basi mwangalie huyu kama mbuzi." Wahu alicheka, kisha akawa na uso wa kazi. "Dawa ya kupaka nakupa, kidogo hivi, siku saba tu. Akitoka kuoga, mpake vaselini isiyo na manukato. Lakini kuna njia nyingine pia. Wewe ukiogopa, tumbo halikukati?"

"Linakata."

"Ngozi nayo iko hivyo. Wasiwasi hauuzai huu ugonjwa, ila unauchochea. Akisikia kuwashwa asikune. Abonyeze kiganja hapo, avute pumzi polepole, mpaka kupite."

Ramlo alidhani anataniwa, na kwa adabu hakucheka.

Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kusubiri. Ndivyo alivyoishi: kusubiri mvua, kusubiri ngamia azae, kusubiri malori. Aliketi kwenye mkeka na tasbihi yake akamwangalia mtoto, siku ya kwanza, ya pili. Akaona kwamba Weris akicheza mchezo wa vijiwe na wenzake hajikuni. Akiandika kwenye ubao wa madrasa hajikuni. Kumbe hakukuwa na saa zote! Miaka minne ameishi na mtoto huyu na hakulijua hilo.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Weris alikuwa akiosha ubao wake, mgongo kwa lango. Nje kokoto zikalia chini ya makubadhi ya mtu. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyebisha. Lakini Ramlo, aliyekuwa ameketi hatua mbili tu, aliona mabega ya mtoto yakipanda. Aliona wekundu ukichomoza chini ya shingo, kwenye yale mabaka, ukapanda, ukapanda, kama moto unaokula nyasi kavu, na hakuna kidole kilichoigusa ngozi ile. Kisha ndipo mkono ukaenda.

Alikuwa ni Noordin tu, muuza maji, na punda wake. Alitua madebe mawili, akaondoka. Wekundu nao ukafifia.

Tasbihi ilimtoka Ramlo mkononi. "Subhanallah," alisema. Alikuwa ameona mengi katika umri wake. Ameona mto Daua uliokauka ukija usiku mmoja na miti mizima mgongoni. Lakini hakuwahi kuona ngozi ya mtu ikisikia nyayo za mgeni kabla mgeni hajapiga hodi. Ngozi ilikuwa na masikio! Muumba aliyetandaza mbingu aliweka pia uzi mwembamba kati ya moyo wa mtoto na kiwiko chake, na yeye, bibi mzima, amekuwa akiuvuta uzi ule kila mchana bila kujua.

"Njoo, Weris," alisema taratibu. "Wageni wakija, unahisi nini?"

Mtoto alitazama chini. "Inaanza kuwasha, Ayeyo. Kabla hujaniita. Nikisikia chai inamiminwa tu."

"Miaka yote hii! Mbona hukusema?"

"Wanasoma dua, Ayeyo. Nani anakataa dua?"

Ramlo alitaka kulia, akaona kulia kutamtisha mtoto, akaukunja ukingo wa shuka yake na kuukunjua.

Kuanzia siku ile mkono wa gauni haukukunjwa tena mbele ya watu. Fatumo, jirani, ndiye aliyeumia zaidi. Alikuja kunywa chai, akasubiri, akageuza shingo huku na huku.

"Naa Ramlo, mtoto yuko wapi? Mmemficha kama bibi harusi?"

"Yuko ndani. Muombee ukiwa hapo hapo."

"Bila kuona?"

"Unayemwomba anaona. Au unataka kumwonyesha?"

"Haya! Ayeyo wa siku hizi," Fatumo alisema, akajifunika mdomo kwa mtandio akicheka. "Kesho utaniambia nitume dua kwa simu." Lakini alifungua viganja akaomba akiukabili ukuta, na dua yake ilikuwa ndefu kuliko ya siku zote.

Lile la pumzi ndilo lililokuwa gumu. Weris alijaribu, akahesabu, akachoka katikati, kucha zikaingia kazini. Ramlo hakujua jinsi ya kumfundisha mtu kupumua. Jibu alilipata alfajiri, akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mguu mwingine umeegemea goti, chombo cha maziwa juu ya paja, akimkamua ngamia wao. Ngamia hakamuliwi kwa nguvu. Akiwa na hofu huyafunga maziwa, na uvute upendavyo hupati hata tone. Ni lazima umwimbie kwa koo, mm, mm, sauti ya chini isiyo na maneno, mpaka masikio yake yalegee. Ndipo maziwa yanashuka yenyewe. Ramlo alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa na umri wa Weris, na hata siku moja hakushangaa. Asubuhi ile alishangaa. Alinyamaza na chombo kikiwa nusu. Sauti iingie kwenye sikio la mnyama, ishushe maziwa kwenye kiwele! Basi hiyo nayo ni njia, na aliyeichimba ni Muumba yule yule.

"Weka viganja kwenye viwiko," alimwambia Weris baada ya chai. "Usikune. Bonyeza. Sasa imba kama kwa ngamia, mpaka pumzi yako iishe. Kisha vuta nyingine."

"Mimi si ngamia, Ayeyo."

"Ngamia ana akili kukushinda. Yeye hajikuni ovyo."

"Anajikuna! Anajikuna kwenye mti, nimemwona mimi."

Walicheka mpaka Ramlo akashika mbavu. Kisha wakaimba wote wawili, mm, mm, wakitazamana, na kuwashwa kukaja, kukasimama mlangoni, kukaenda. Siku ya kwanza mara moja tu. Siku iliyofuata mara tatu. Dawa ya Wahu ikafanya kazi yake chini, kwa kuwa sasa hakukuwa na kucha za kuifukua. Mipasuko ikaanza kufunga.

Alhamisi lori lilikuja. Abdiwali alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi, na nyuma yake akashuka Salat, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina na sauti ya upole. Alisalimia, akauliza hali za wote, akaomba makaa. Kisha akafungua kitambaa, akakilaza chuma chake motoni.

Weris alitoka. Alikiona chuma. Wekundu ukaruka shingoni mara moja, ukashuka mikononi, mkubwa kuliko wa siku zote, na vidole vyake vikakunjika.

"Unaona, Hooyo?" Abdiwali alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchungu. "Ni ule ule. Shika miguu."

Ramlo aliinuka. "Nipeni muda wa kukamua ngamia mmoja," alisema. "Mkikuta bado, nitashika."

Abdiwali alimtazama Salat. Salat aliinua mabega. Chuma hakikuwa kimeiva.

Weris aliweka viganja kwenye viwiko. Sauti yake ilianza ikitetemeka, ikakatika. Alivuta pumzi, akaanza tena. Ramlo hakumsaidia, wala hakumtazama. Aliinamisha macho, na hilo lilikuwa gumu kuliko kushika miguu. Ni wanaume wawili waliotazama. Sauti ilitulia, ikawa ndefu, ikawa ndefu zaidi. Makaa yalilia kidogo. Mabega ya mtoto yalishuka. Na mbele ya macho ya Abdiwali, aliyeuza mbuzi elfu na hakuamini asichokishika, wekundu ulirudi nyuma. Ulitoka mikononi. Ulitoka shingoni. Ukaacha ngozi kavu, yenye makovu ya zamani, iliyotulia.

"La ilaha illallah," Salat alisema kwa sauti ndogo.

Abdiwali aliigusa shingo ya bintiye. "Imeshuka tu. Haijapona."

"Haijapona," Ramlo alisema. "Sikusema imepona."

"Itarudi."

"Itarudi. Naye ataishusha."

Abdiwali alimgeukia Salat kama mtu anayetafuta shahidi. Mzee alikuwa amekwisha kukitoa chuma motoni. Alikishika mbali na nguo zake, akikitazama kana kwamba ni mali ya mtu mwingine.

"Abdiwali," alisema, "mimi huchoma ili ugonjwa ushtuke utoke. Huu umetoka bila kushtuliwa. Sasa nichome nini?"

Abdiwali alikaa chini pale pale mchangani, na suruali yake ya safari, akamwita bintiye, akamuuliza kwa sauti ambayo Ramlo hakuisikia kwake tangu mkewe alipofariki, "Ulifanyaje?"

"Nilibonyeza, Abo. Na nikaimba mpaka mwisho wa pumzi. Naweza kwenda kucheza?"

"Nenda."

Alikimbia. Chuma kilikuwa bado cha moto, hakifungiki kwenye kitambaa, kwa hiyo Salat akakilaza juu ya jiwe na kuketi kukisubiri kipoe. Wakasubiri wote watatu, kama watu walio mbele ya jambo kubwa, na nje wakasikia vijiwe vikirushwa na kudakwa, na Weris akibishana kwamba zamu ni yake.