Msumari Nyuma ya Mlango

Skana ya chama ilipogoma, ilitafutwa shingo ya kuvikwa lawama, na shingo iliyokuwa karibu ilikuwa ya Kwandu. Ndivyo yalivyo mambo popote penye meza na mhuri. Chombo kikiharibika hakuna anayeuliza kimeharibikaje. Wote wanauliza nani alikuwa wa mwisho kukigusa.

Na Kwandu alikuwa amekigusa, hilo hakulikana. Alikuwa mhudumu wa ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima pale Runazi, mjane wa Kisukuma aliyetoka Shinyanga na mumewe wakifuata malisho. Ng'ombe waliisha, mume akafariki, yeye akabaki na shamba la maharage na ufagio wa chama. Asubuhi ya Jumatatu hiyo alilowesha kitambaa chake, akafuta meza, akafuta madirisha, akainua mfuniko wa skana na kufuta kioo chake pia. Vumbi jekundu la pale haliulizi hiki ni kioo cha nini.

Baadaye kidogo Juvenali, karani wa chama, aliwasha kompyuta, akalaza karatasi kwenye skana, akabofya. Kompyuta ikamjibu kwamba haioni skana yoyote.

Juvenali alikuwa kijana wa Rulenge mwenye cheti chake cha kompyuta, na wanachama walimwita Injinia, jina ambalo hakuwahi kulikataa. Alichomoa waya, akachomeka. Alizima, akawasha. Wazee walikuwa wamejazana dirishani na karatasi zao mkononi, wanamtazama Injinia wao anavyohangaika. Jasho likaanza kumtoka. Akainua mfuniko, akaona unyevu pembezoni mwa kioo, na hapo akatamka maneno ambayo baadaye angetamani kuyameza.

"Imeingia maji," alisema. "Imekufa hii."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amebadilisha mfumo wa kompyuta, akaweka toleo jipya bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa alitaka ofisi yake ionekane ya kisasa. Jambo hilo lilimpitia kichwani palepale mbele ya wazee. Lilipita upesi kama mtu anayemkwepa mdai wake, na yeye hakulikimbilia.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Gervasi, aliitisha mkutano. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu, meza ya karani upande huu na mabenchi ya wanachama upande ule, kwa hiyo Kwandu alisimamishwa palepale alipokuwa akipafagia kila siku.

"Ulifuta mashine kwa maji?" Gervasi alimuuliza.

"Nilifuta kwa kitambaa cha maji, mwenyekiti, nimekikamua. Kama ninavyofanya kila Jumatatu."

Hayo maneno ya mwisho hayakumshtua mtu yeyote isipokuwa Juvenali. Kila Jumatatu, na kila Jumatatu skana ilifanya kazi. Akainamisha uso, akajifanya anatafuta kalamu.

"Injinia," Gervasi akamgeukia, "maji yanaweza kuua mashine?"

"Yanaweza," alijibu Juvenali.

Hakusema uongo, na ndiyo maana maneno yalimtoka kirahisi. Kwandu aliachishwa kazi siku ileile. Alitundika kitambaa chake kwenye msumari nyuma ya mlango, kama alivyozoea akimaliza kazi, akaondoka bila kubishana.

Tangu siku hiyo karatasi za wanachama zikawa zinapelekwa Biharamulo mjini kuskaniwa. Kila aliyerudi na kushuka kwenye pikipiki, kabla hajakung'uta vumbi la suruali, alimtaja kwanza Mama Kitambaa. Jina likashika. Kwandu alikuwa mtu wa kuitwa kwenye kila harusi kusimamia vyombo, na bado aliitwa, lakini sasa akisogelea beseni lazima atokee mchekeshaji mmoja aseme, "Glasi msimpe huyo." Watu wanacheka. Naye anacheka kidogo, kisha anahamia kwenye masufuria, ambayo hayana cha kuharibika.

Juvenali aliyasikia hayo kwa masikio yake. Aliwahi hata kucheka na wenzake. Barabarani alipokutana na Kwandu alimwamkia, na Kwandu hakumnyima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Juvenali. Mama yako hajambo huko Rulenge?"

Angemnyima ingekuwa nafuu.

Mwaka ukapita. Kompyuta ya chama ikawa nzito, imejaa virusi, kuifungua tu unaweza kupika ugali ukala. Ansbert, rafiki yake Juvenali aliyekuwa mwalimu Rulenge, akampa flashi yenye mfumo mwingine, wa bure, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, kila mmoja akiongeza kipande chake kama waumini wanavyochangia matofali ya kigango. Juvenali akaufunga siku moja mchana, mvua ikinyesha na ofisi haina mtu. Ulipokubali, akapatwa na hamu ya kuchezea vitu. Akaishusha skana juu ya kabati, akapuliza vumbi, akachomeka waya, akaandika amri ya kuiuliza kompyuta: umechomekewa nini?

Kompyuta ikamwandikia jina la skana, kampuni iliyoitengeneza na namba zake zote.

Juvenali aliutazama mstari ule mpaka macho yakauma. Kitu kilichokufa hakitaji jina lake.

Akaingia mtandaoni. Kwenye orodha ya wale wa kujitolea skana ile iliandikwa kwamba haihudumiwi. Lakini chini yake watu walikuwa wameandikiana, na wengi walikuwa na kilio kimoja: skana ilikuwa nzima, wakabadilisha toleo la mfumo, tangu hapo kompyuta haiioni. Mmoja akaeleza kwamba kampuni iliacha kutengeneza draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Mashine yenyewe, aliandika, haina kosa lolote. Na toleo alilolitaja ndilo hasa aliloliweka Juvenali Jumamosi ile.

Aliona haya, haya ya mtu aliye peke yake chumbani na bado anatafuta pa kujificha. Uso ulimwaka moto. Tatizo hakuwa amelijua leo. Alikuwa amelijua siku ileile dirishani, akalipa mgongo, na mwanamke wa watu akasimamishwa mbele ya mabenchi yale kwa kosa la kufanya usafi.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Angeweza kuirudisha skana juu ya kabati na asingejua mtu. Lakini mikono yake iliendelea. Na tusimpambe: haikuendelea kwa toba peke yake, iliendelea pia kwa uchu wa fundi aliyeona mlango umeachwa wazi kidogo. Maelezo yalisema skana hiyo ni ndugu wa nyingine inayohudumiwa. Iandikwe namba yake kwenye faili la huyo ndugu, kisha ipewe programu yake ya kuiamsha, inayopatikana ndani ya sidii ya zamani iliyokuja nayo. Sidii ilikuwa kwenye droo, chini ya kidau cha wino wa mhuri. Jaribio la kwanza kompyuta ilimkatalia. La pili skana ilikoroma ikanyamaza, kwa kuwa alikosea jina la faili. Akalirekebisha. Taa ikawaka chini ya kioo, ikatembea polepole hadi mwisho, ikarudi.

Alikuwa amelaza ukurasa wa kalenda ya zamani. Ulitokea kwenye kioo cha kompyuta safi kabisa, na Juvenali akatamani usingetokea.

Mzee Gervasi, aliyekuja kujikinga mvua, alisikia ule mlio mlangoni. Akaingia akiwa ametoa macho.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya, mzee. Ila kwa kweli..."

Gervasi alikuwa ameshaushika mkono wake na kuutikisa kwa mikono miwili. "Injinia wetu umefufua mfu. Kilichouawa na Mama Kitambaa wewe umekifufua. Jumamosi nakutangaza mkutanoni."

Juvenali akafunga mdomo, na mkono wake akauacha utikiswe. Safari ya kwanza angeweza kusingizia haraka na jasho. Safari hii hakuwa na cha kusingizia.

Kesho yake alikwenda kwa Kwandu. Alimkuta uani ameinama juu ya turubai, anachambua maharage, jua limetoka. Akamwamkia, akaitikiwa, akaanza kueleza: mfumo, toleo, draiva. Alipojisikia anavyojificha nyuma ya maneno ya kifundi, akayaacha.

"Mama, skana haikufa kwa maji. Niliiharibu mimi kwenye kompyuta, kabla wewe hujaigusa."

Kwandu alitupa kijiwe pembeni. "Mimi najua sikuiua. Nimejua siku zote. Umekuja kuniletea habari zangu mwenyewe?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulinisemea wapi?"

"Mkutanoni."

"Na hapa kuna nani?"

Juvenali akatazama uani. Kulikuwa na kuku, na turubai la maharage.

"Hapa hakuna mtu, mama."

"Basi," alisema Kwandu, akaendelea kuchambua.

Jumamosi mabenchi yalijaa. Gervasi alimsifu karani wake mpaka sifa zikamwagika pembeni, kisha akamwita aseme neno. Kwandu alikuwa amekaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Juvenali akainuka.

"Mama Kwandu hakuharibu skana," alisema. "Iliharibika kwa mkono wangu. Nilibadilisha mfumo wa kompyuta bila ruhusa, skana ikakosa draiva. Kosa ni langu."

Kisha Gervasi akatabasamu, akawageukia watu.

"Mnamsikia? Huu ndio mtoto aliyelelewa. Ametengeneza alichoharibu mwenzake, na sasa anambebea mpaka aibu yake."

Wakapiga makofi. Mama mmoja akasema, "Abarikiwe aliyemzaa." Juvenali akasimama katikati ya makofi yale kama mtu aliyevuliwa nguo akapambwa maua. Ukweli ameusema, na ukweli wenyewe umegeuzwa sifa nyingine kwake. Alimtazama Kwandu. Kwandu alikuwa anatazama mikono yake mapajani.

Juvenali akaziacha pongezi hewani, akaenda mlangoni. Kile kitambaa kilikuwa bado kwenye msumari. Mwaka mzima hakuna aliyethubutu kukigusa, kana kwamba kilikuwa na uchawi. Kilikuwa kimekakamaa kama ngozi ya mbuzi. Akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, hakukikamua, akarudi nacho kikichuruzika sakafuni mpaka mezani. Akainua mfuniko wa skana, akafuta kioo chote mbele ya macho yao.

"Injinia, unafanya nini wewe?" Gervasi alikuwa amesimama.

"Mwenyekiti, naomba kadi yako ya uanachama."

Aliipokea, akailaza juu ya kioo kilicholowa, akabofya. Taa ikatembea hadi mwisho, ikarudi, na picha ya Gervasi iliyo kwenye kadi ikajitokeza kwenye kompyuta, tone la maji limekaa shavuni.

"Huyu mama alifanya hivi kila Jumatatu," alisema Juvenali, "na karatasi zenu zilikuwa zinatoka safi. Siku ile nililijua hilo. Mliniuliza kama maji yanaweza kuua mashine, nikasema yanaweza. Hamkuniuliza kama ndiyo yaliyoiua, na mimi nikashukuru kwamba hamkuuliza."

Hakuna aliyepiga makofi. "Mnyonge mnyongeni," alisema mzee mmoja kwa sauti ya chini, na hakuna aliyethubutu kummalizia. Gervasi aliichukua kadi yake, akaifuta kwenye koti, akaifuta tena ilhali imeshakauka.

"Mama Kwandu," alisema hatimaye, "Jumatatu uje kazini."

Kwandu aliinuka, akapita katikati ya mabenchi, akamfikia Juvenali na kunyoosha mkono. Juvenali akadhani anapewa mkono. Akafuta kiganja chake upesi kwenye suruali, akakitoa. Kwandu alikipita kiganja hicho, akachukua kitambaa kutoka mkono wake mwingine. Akakikamua hapohapo, maji yakaanguka karibu na viatu vya karani, akakikunja vizuri.

"Hiki changu," alisema. "Nilikisahau."

"Na kazi, mama?" aliuliza Gervasi.

"Nina maharage juani, mwenyekiti. Na mvua za siku hizi hazitabiriki."

Alitoka bila haraka. Watu nao wakaanza kuinuka mmoja mmoja, hawatazamani, wanaruka maji yaliyokuwa yametapakaa sakafuni hadi chini ya meza. Chumba kilipobaki kitupu, Juvenali akatafuta kitu cha kuyafutia. Alikwenda nyuma ya mlango kwa mazoea, na pale palikuwa na msumari mtupu.