Maskini Wetu wa Kila Sikukuu

Kuwa maskini wa watu ni kazi, tena kazi isiyo na likizo, kwa sababu siku ya likizo ndiyo siku yenyewe ya kazi. Mama Vifungo, fundi cherehani, aliijua shughuli hiyo nje ndani. Kila sikukuu ya mwisho wa mwaka, kabla familia ya Injinia haijaja kumfariji, aliamka mapema akalifunika friji kwa shuka, akavisukumia vyerehani vyake vinne chumbani na sofa uani, kisha akaenda kwa jirani kuazima mkeka, maana wa kwake ulikuwa mpya mno. Baada ya hapo alivaa gauni lake la kupigia deki, akakaa kungoja wema.

Wema ulikuja na magari mawili na bango lililoandikwa FAMILIA YENYE MOYO. Familia nzima ilivaa mashati ya rangi moja, ili mtu asije akachanganya nani anatoa na nani anapewa. Unga, mafuta, sukari na sabuni vilipangwa mbele, Mama Vifungo akapangwa nyuma yake, na mke wa Injinia akashika simu.

"Usicheke sana, dada," alimwambia kila mwaka. "Onyesha shukrani tu."

Majirani walimuuliza anavumilia vipi vituko hivyo, na yeye aliwajibu kwamba sabuni haikataliki. Lakini sababu haikuwa sabuni. Sababu ilikuwa Bibi, mama mzazi wa Injinia.

Mwaka aliofiwa na mumewe, Mama Vifungo alikuwa na cherehani kimoja kibovu na binti mdogo wa shule. Siku ya sikukuu mtu alipiga hodi, na mlangoni alisimama mama wa makamo asiyemjua, aliyesikia habari za msiba kwa muuza maziwa. Hakuwa na bango. Alikunja mikono ya gauni, akafua sare za mtoto, akasugua masufuria, akakaa mpaka jioni bila kumwambia mfiwa ajikaze. Mwaka uliofuata alirudi tena. Injinia alipopata habari, aliona jambo lenyewe ni zuri mno kuachiwa mtu mmoja, akalifanya desturi ya familia.

Sasa miguu ya Bibi ilikuwa imechoka. Mwaka mzima alishinda chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe, yeye na televisheni. Injinia alimpenda sana mama yake, na alimwambia hivyo kila alipopita mlangoni kwake akiwahi gari. Bibi alitolewa nje sikukuu tu, kwa kuwa picha ya unga bila mkono wa mwanzilishi haikunoga. Wengine wakigombania upande wenye mwanga mzuri, yeye na Mama Vifungo walikunywa chai na kusengenya, na hiyo ndiyo iliyokuwa sikukuu yao.

Mwaka jana Bibi alimwinamia sikioni. "Mwanangu, friji lako linanguruma chini ya shuka."

Mama Vifungo alitamani ardhi impasukie.

"Nalisikia tangu mwaka juzi," Bibi aliendelea. "Hongera. Ila usitangaze. Siku wakijua umejiweza, mimi sitoki tena mle ndani."

Basi Mama Vifungo aliendelea kuwa maskini kwa bidii.

Mwaka huu mambo yaligongana. Binti yake, sasa muuguzi, alikuwa amepata mchumba, na wazazi wa mchumba walitaka kuja kufahamiana siku hiyohiyo. Baba wa kijana alikuwa dereva wa treni, hakuwa na siku nyingine ya kupumzika.

"Mama," binti alisema, "wakwe wakikukuta unapigwa picha na unga, mimi nitaolewa kama msaada."

"Injinia huja asubuhi. Wakwe watakuja alasiri. Tutakuwa tumeshamaliza umaskini."

Asubuhi ilipita, Injinia hakuonekana. Adhuhuri nayo ikapita. Binti akakata tamaa ya wema, akalivua friji shuka, akarudisha sofa na vyerehani mahali pake, akatandika kitambaa cheupe mezani na kupanga vikombe vya wageni. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza amevaa gauni la heshima, honi zikalia nje. Walikuwa na mashati ya kijani mwaka huu, na walikuwa wamechelewa kwa sababu ya kunyoosha bango.

Bibi aliingizwa akishikwa mkono, akaketishwa kwenye sofa. Mke wa Injinia alianza kupanga sabuni mezani, halafu akasita. Alitazama friji, akatazama sofa, akatazama vyerehani, kama daktari aliyemkuta mgonjwa wake uwanjani anacheza mpira.

"Hili friji la nani?"

Jibu lilikuwa tayari siku nyingi: la jirani. Na sofa ni la jirani, na vyerehani ni vya jirani, masikini jirani wa watu asingebaki na kitu. Mama Vifungo alifungua kinywa. Kwenye sofa Bibi alikuwa akimtikisia kichwa taratibu, asiseme. Mlangoni binti yake alisimama na gauni lake jipya, anamngoja mama yake achague. Moyo ulimuuma kweli, kwa sababu hapakuwa na jibu la kuwatosha wote wawili.

"Ni langu," alisema. "Na vyerehani ni vyangu. Hata hayo mashati nimeyashona mimi, yule wakala mnayemwagiza huniletea mimi kazi. Karibuni chai. Mwaka huu kaeni kama wageni."

Injinia alishika kola ya shati lake, akaikagua.

"Kumbe miaka yote umetudanganya," mkewe alisema. "Mimi nimelia humu ndani."

"Nakumbuka. Ulilia mara mbili, ile ya kwanza mwanga ulikuwa mbaya."

"Tusipoteze muda," Injinia alisema. "Kuna maskini wa kweli wanatungoja."

Wanawangojea wapi, hakuna aliyejua, na ubishi ukaanza palepale. Mdogo wake Injinia alimfahamu mjane mmoja karibu na kituo cha mafuta, lakini hakuwa na hakika kama bado ni mjane. Wakaamua kwenda kujaribu bahati. Unga ukabebwa, mafuta yakabebwa, sukari ikabebwa, na mke wa Injinia akarudi mara moja kuchukua sabuni aliyokwisha kuiweka mezani. Milango ya magari ikabamizwa, wema ukatia moto, ukaondoka.

Bango lilibaki limeegemea ukutani. Kwenye sofa alibaki Bibi, kila gari likiamini kwamba yumo kwenye gari jingine.

Mama Vifungo alikimbilia mlangoni ili awaite.

"Waache," Bibi alisema. "Wakifika kwa huyo mjane watataka picha. Hapo watanikumbuka. Tia sukari."

Wakwe walifika chai ikiwa bado ya moto. Mama wa kijana alipiga goti kidogo mbele ya sofa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu ni mama yangu," Mama Vifungo alisema, na hakuona sababu ya kuongeza maelezo.

Bibi alikaa vizuri. Alimwambia dereva wa treni kwamba huyu mwanawe hashindwi na kitambaa chochote, na binti naye amelelewa akaleleka. Alikuwa anamsifia dereva koti lake simu ya Mama Vifungo ilipoita. Aliyepiga alikuwa mke wa Injinia. Mama Vifungo alitoka kidogo, akasimama barazani.

"Dada, tumefika kwa huyu mjane, hatuwezi kuanza. Bango letu tumeliacha kwako?"

"Lipo."

"Ah, afadhali. Watoto wasilichezee. Dereva wetu anakuja kulichukua."

Mama Vifungo alingoja. Alimpa nafasi ya kutosha.

"Hakuna kingine mlichosahau?"

Alimsikia akiwauliza wenzake kwa sauti. "Hapana," mke wa Injinia alisema aliporudi kwenye simu. "Ni hilo tu."

Mama Vifungo alipoingia ndani, Bibi aliinua macho kutoka kwenye kikombe. "Ni wao? Wamenikumbuka?"

"Wamekukumbuka, Mama. Wanasema upumzike hapa, wasikuchoshe na safari. Watakufuata jioni."

Bibi alimtazama. Masikio yake yaliyolisikia friji chini ya shuka yalikuwa bado mazima.

"Na bango?" aliuliza. "Nalo litapumzika?"

Mama Vifungo alimwongezea chai.