Shimo la Ciakuthii

Jumatano ndiyo zamu yetu ya maji tangu nizaliwe. Jumatano hiyo mama akafungua sprinkla, ikakohoa, ikatoa sisimizi wawili. Basi.

Tukaenda kwa Muthamia, chairman wa mradi.

"Mama Koome, mwanachama alikuwa mzee wako," akasema. "Mzee tulishamzika. Zamu imerudi kwa kamati. Ni katiba."

"Sasa migomba yangu ikunywe katiba?"

Mi nilisoma sheria mwaka mbili na nusu kabla tuachane na chuo, kwa hivyo nikaomba kuiona hiyo katiba.

"Wewe kwanza umalize shule," akaniambia.

Mikungu ilikuwa imeanza kuinama. Wiki mbili bila maji, ndizi ya huku Mitunguu inabaki kama kidole cha mtoto. Kufika nyumbani, mama akachukua jembe.

Wakati paipu zinaletwa kutoka mtoni, kila boma ilipimiwa hatua thelathini za mtaro. Baba alikuwa kazini Nkubu. Aliyechimba ni mama, na mimi nikiwa kwa tumbo, na hapo watu wakapaita kwa jina lake. Kipande chetu kiko juu, maji yanapita hapo kabla yafike kwa chairman.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachukua shimo yangu. Paipu ni yao, wakuje waichukue."

Majirani wakajaa. Nikapiga simu, nikaweka spika, nikajifanya mzee wa mafua.

"Chairman! Kuna mtu anafukua laini huku juu!"

"Huku juu wapi? Kwa Ciakuthii?"

"Network mbaya. Wapi?"

"Kwa Ciakuthii! Nani anachimba kwa Ciakuthii?"

Mama akainamia simu. "Ni Ciakuthii."

Teresia, jirani yetu, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akaenda kwa hatua zake thelathini, akaanza kuchimba. Wamama wengine wakamfuata.

Muthamia akafika akihema, daftari kwa kwapa. "Mnaharibu mradi!"

"Paipu hatujagusa," mama akasema. "Lakini hapa tulichimba sisi. Andika jina yangu, ama utafute kwingine kwa kuipitishia."

Akaangalia laini yote, majembe yote. Akaandikia kwa goti.

"Si Mama Koome," mama akasema. "Ciakuthii."

Akakata, akaandika tena.

Saa kumi sprinkla ikakohoa, ikatema matope, halafu maji. Mtaro tumeufunika nusu. Hiyo nusu ingine inangoja kuona Jumatano ijayo.