Dhamana ya Shemeji

"Kwa hiyo umeamua kuwapa wageni pesa wakutengenezee gari, na mimi nipo?" Shemeji alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, miguu juu ya meza.

Mwoka keki alijizuia, akaendelea kupaka krimu keki ya harusi ya ghorofa tatu, na mkono wenye hasira haupaki kitu kikanyooka. Dhamana ya gari lake, ahadi ya kampuni kulitengeneza likiharibika, ilikuwa inaisha kesho. Kuiongeza kulitaka alipe, na wakaguzi wa kampuni wakute sili ya injini, kibati kilichoifunga, haijaguswa na fundi mwingine. Kulipa kulimuuma. Sili ndiyo iliyomvutia, maana ingemzuia huyu fundi wa ukoo kuchokora gari lake.

Gari la kwanza lilimfia mikononi mwa huyu huyu. Alilifungua "kidogo tu", akalifunga huku boliti zimebaki kwenye bakuli. Siku ya harusi ya watu likazimika mlimani, keki ikayeyukia ndani, na bibi harusi akakata mkate wa dukani. Ukoo mzima unacheka mpaka leo. Mwoka keki hajacheka hata siku moja. Siku ile mumewe alimwapia kwamba ufunguo wa gari hautaingia tena mkononi mwa mdogo wake.

"Hao wezi," shemeji aliendelea. "Likiharibika, watakwambia hicho kifaa hakimo kwenye mkataba."

"Huenda ni wezi. Ila mwizi mwenye ofisi najua pa kumkuta. Wewe nikikutafuta, simu imezimwa."

"Unaniambia hivyo mimi? Nyumbani kwa kaka yangu?"

"Nyumbani kwangu. Shusha miguu."

Mumewe, aliyekuwa akimenya vitunguu pembeni, akasema, "Jamani." Hilo ndilo neno lake katika kila ugomvi, na halijawahi kuzima hata mmoja.

Mpaka asubuhi mwoka keki alikuwa anasitasita, kwani kampuni nazo zina hila zake. Lakini kumtazama shemeji kwenye kochi lile kulimtosha. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Nakwenda kulipa sasa hivi," alisema, akafuta mikono na kunyoosha mkono kwenye msumari wa funguo. Msumari ulikuwa mtupu.

Shemeji akautoa ufunguo mfukoni, anacheka. "Mimi nilitaka kukuokolea hela, shem. Nimeifungua injini asubuhi, nimeikagua yote. Nzima kabisa! Dhamana ya nini?"

"Na sili?"

"Kile kibati? Kilikuwa kinanizuia, nikakikata."

Akakiweka mezani, kando ya keki, kwa fahari ya mtu aliyeleta zawadi. Hakuna kampuni ambayo ingelipokea gari lile tena. Mwoka keki hakukitazama sana. Alimgeukia mumewe.

"Nani alimpa ufunguo?"

Mumewe aliinamia vitunguu. "Alisema dakika tano tu. Ningemnyimaje? Ni ndugu yangu."

Mume alitarajia kelele, na shemeji alishajiandaa kwa kelele. Hazikuja. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na mwoka keki alikuwa akiifua nguo yenyewe miaka yote hiyo. Alifunika keki taratibu, akampigia simu dereva wa teksi.

"Abiria wangapi, mama?" dereva aliuliza, sauti ikisikika chumba kizima.

"Mimi na keki," alijibu. "Na sanduku langu la nguo."

Kisu cha vitunguu kikasimama.